Matembele Nyuma ya Nyumba ya Pamba

Mimi huandika polepole. Shule ya msingi niliimaliza katika kambi ya wakimbizi, mkoa wa Kigoma, na nilipofika Buffalo, Marekani, umri wa kukaa darasani na watoto ulikuwa umenipita, nikaenda ghalani kupanga maboksi. Kwa hiyo anayetaka kujua vizuri habari za pwani ya Alabama, ngome zake na nyumba zake za zamani, amtafute mtu aliyesoma. Mimi nitaeleza tulivyokwenda, na aibu iliyotukuta huko nyuma ya nyumba ya tajiri wa pamba, mbele ya watu ambao nilikuwa nawaomba wanikubali.

Watu wenyewe ni wazazi wa mchumba wangu. Wanakaa Columbus, upande wa Gahanna, ambako ndege hupita chini mpaka unaona magurudumu yakitoka. Mimi na msichana tulijuana kwenye mkutano wa kwaya. Yeye aliletwa Marekani akiwa mdogo, anasomea uuguzi, na akiitwa na wazazi wake anaitikia kwa Kiingereza kabla hajakumbuka. Kiingereza changu ni cha ghalani: inua, sogeza, angalia nyuma, samahani, tayari. Baba yake ni shemasi. Anafanya kazi kiwanda cha kufungasha nyama, na siku asiyokwenda kazini huvaa koti jeusi na kofia hata kama anakwenda kununua mkate.

Shangazi yangu wa Louisville, dada wa marehemu baba, ndiye aliyekuwa mshenga. Alipokwenda kuniombea, mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kijana ni mpole, sikatai. Lakini hasemi. Nimekaa naye nimesikia salamu tu. Binti yangu ataolewa na ukuta?"

"Ukuta hauendeshi gari," shangazi akamjibu. "Huyu anaendesha."

"Basi atuendeshe. Nitamwona huko huko barabarani."

Shangazi aliponisimulia kwenye simu alikuwa anacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekaa chumbani kwetu Buffalo, mtaa wa Lower West Side, na kila nilichofikiria kumjibu mzee kilinijia baada ya simu kukatika.

Mzee alitaka aone bahari. Alikaa Tanzania miaka mingi ya maisha yake, nchi yenye bahari, lakini ndani ya kambi. Kutoka kulihitaji kibali, na kibali hakikutolewa kwa mtu anayetaka kutazama maji. Bahari aliisikia redioni tu, watangazaji wakisema mawimbi makubwa, wavuvi wachukue tahadhari. Shangazi akatuambia kwamba kutoka Louisville kuna barabara inayoshuka kusini moja kwa moja mpaka kwenye ghuba, huna haja ya kukata kona. Tukakodi gari kubwa. Mimi na mama tukatoka Buffalo, tukawachukua Columbus mzee, mama wa msichana, mchumba wangu na mdogo wake wa kike, tukalala Louisville kwa shangazi. Yeye hakuja. Alisema mshenga akiwa ndani ya gari watu hawaonyeshi tabia zao.

Kuna jambo lazima nilieleze, la sivyo mambo mengine hayataeleweka. Katika ukoo wetu mwanaume anayeposa hali chakula mbele ya mama wa msichana. Anangoja mpaka siku mama huyo mwenyewe amwite na amwekee sahani, na hapo kila mtu anajua kwamba amepokelewa. Huku wengi wameacha, lakini mama yangu hajaacha, na mama wa msichana naye hajaacha. Sasa fikiria safari ya siku nzima ndani ya gari moja. Wao walifungua mabakuli, chapati, maharage, mayai ya kuchemsha, harufu ikajaa mpaka kwenye usukani, nami nikasema sijisikii njaa. Kwenye vituo vya mafuta nilizunguka nyuma ya gari nikameza chapati nimesimama. Mama wa msichana alijua. Kila niliposhuka yeye aligeuza uso akatazama upande mwingine, barabara au miti, kwa utulivu kabisa, mpaka nimalize. Mchumba wangu alikuja akanikuta na mashavu yamejaa.

"Unakula kama mwizi," akasema.

"Toka hapa, utanifanya nipaliwe."

Mama zetu wawili walikaa kiti kimoja na mkoba katikati. "Dada, unapata nafasi?" "Napata, dada, asante." Hayo ndiyo mazungumzo yao yote kutoka Columbus mpaka Alabama. Kila mmoja alikuwa anaogopa kumkosea mwenzake. Mzee alikaa mbele karibu nami, mikono juu ya magoti, akiitazama barabara kama mtu anayesahihisha mtihani. Aliniuliza kazi yangu ikoje, nikasema nzuri. Aliniuliza kama theluji ya Buffalo ni mbaya kuliko ya Columbus, nikasema ndiyo. Akarudi kuitazama barabara. Maneno mengine nilikuwa nayo. Nilitaka kumwambia jinsi basi la kwenda kazini, kupita Kenmore, linavyonasa kwenye theluji na abiria wanashuka kulisukuma. Ni hadithi nzuri, mama huicheka. Ilinikaa mdomoni tukapita mji mmoja na mwingine, na nilipokuwa tayari kuianza, mzee alikuwa amelala.

Tulifika usiku, na asubuhi tukaenda baharini. Mchanga wa huko ni mweupe kama unga wa muhogo, na ukiukanyaga unalia chini ya mguu. Mama wa msichana aliinama akauchota, akausugua kwa vidole. "Hapa mtu akimwaga unga, ameupoteza," akasema, na mama yangu akatabasamu bila kujibu. Mahali fulani walikuwa wamezungushia utepe na vijiti kwenye mchanga mtupu. Mchumba wangu akasoma kibao, akatueleza kwamba kobe wa baharini wametaga hapo na watu wamekatazwa kusogea.

"Mayai yana ulinzi," mzee akasema. Alivua viatu na soksi, akakunja suruali, akaingia majini na koti lake na kofia yake. Akachota maji akaonja. "Kweli ni chumvi. Nilidhani wanazidisha."

Siku hiyo ilikuwa nzuri, na mimi ndiye sikuifaidi. Tulipanda pantoni kuvuka mdomo wa ghuba, ndege aina ya mwari wakapita chini juu ya maji, na mama akasema ni wale wale wa ziwa Tanganyika ila hawa wamenenepa. Tukaingia kwenye ngome ya matofali mekundu, yenye njia za giza ndani na mizinga iliyoelekezwa baharini. Mzee akanigeukia mbele ya kibao kirefu. "Waliopigana hapa walikuwa nani na nani?" Nikaanza kusoma. Mimi husoma kama ninavyoandika. Sijamaliza mstari wa kwanza, mchumba wangu akawa ameshamwambia yote, vita vya kaskazini na kusini, meli zilizopita, mabomu ya majini. Mzee akamwitikia kwa kichwa, akanitazama mimi, akatikisa kichwa kidogo sana. Sidhani alijua kwamba nilimwona.

Nyumba ya pamba ilikuwa kesho yake. Mzee ndiye aliyeitaka, alikuwa ameona picha yake kwenye kikaratasi cha hotelini: nyumba nyeupe yenye nguzo, na mbele yake miti mikubwa ya mwaloni iliyoning'iniza nyuzi za kijivu mpaka karibu na ardhi. Jua lilikuwa kali na hewa nzito yenye unyevu, kama saa moja kabla ya mvua kule Kigoma. Ndani ya nyumba kulikuwa na sahani ambazo hakuna anayezilia na vitanda ambavyo hakuna anayevilalia. Nyuma, mwisho wa njia ya kokoto, kulikuwa na kibanda cha mbao cha watumwa na bustani ndogo. Kibao cha hapo kilikuwa kifupi, nikakisoma mwenyewe mpaka mwisho: hapa walilala watumwa, na hivi ndivyo vyakula walivyojilimia baada ya kazi ya tajiri.

Siku hiyo palikuwa na waigizaji. Mwanaume mmoja aliyevaa ngozi alikuwa anagonga chuma kwenye moto, na mama mmoja mweusi, wa makamo, gauni refu na kitambaa kichwani, alikuwa anakoroga chungu mbele ya watalii na kuwaeleza watumwa walivyopika. Mchumba wangu na mdogo wake walirudi kwenye duka la getini kutafuta maji baridi. Mzee akakaa kwenye benchi la mbao mbele ya kibanda apumzike. Mimi nikasimama kivulini. Kina mama wakaenda kutazama bustani.

Nikasikia mama yangu anasema, "Dada, hebu njoo uone."

Yalikuwa matembele. Tuta zima la viazi vitamu, marando yamekimbia mpaka njiani, majani laini ya juu hayajaguswa na mtu. Buffalo matembele tunayapata yameganda kama tofali kwenye friji la duka la Waafrika, meusi, hayana ladha. Na kule kambini kulikuwa na desturi: mwanamke akipita kwenye shamba la jirani huruhusiwa kuchuma matembele ya mlo mmoja bila kubisha hodi. Viazi ni vya mwenye shamba, usiviguse, lakini majani ya juu ni ya anayepita. Tena mwenye shamba hufurahi, maana kiazi kikipunguzwa majani hakipotezi nguvu juu. Hakuna aliyewahi kumwita mtu mwizi kwa hilo.

"Wanayaacha yazeeke," mama wa msichana akasema, kwa huruma kabisa.

"Hawajui kuyala. Huyu mwenye shamba atatushukuru."

Wakafunga vitenge vyao vizuri kiunoni, wakainama. Wakaanza kuchuma, na wakaanza kuzungumza. Mkoba haukuwa tena katikati yao. Nilisikia mmoja anauliza, "Ninyi mlikuwa mnayaunga kwa karanga au kwa mawese?" na mwenzake anajibu, "Mawese tuliyatoa wapi? Karanga, tena za kuomba," wakacheka wote. Nilikuwa sijawahi kuwasikia wakicheka pamoja. Kwa hiyo, ingawa nilijua bustani ina mwenyewe, sikuwaita.

Watalii walitoka kwenye chungu wakaja upande wetu. Walikuwa baba, mama, watoto wawili, na wazee wachache waliovaa kofia za jua. Baba yule akasimama mbele ya mzee, akainua simu, akamwuliza kwa adabu kama wanaweza kupiga picha. Mzee akasimama, akavuta koti lake likae sawa, akavua kofia akaivaa tena vizuri, akakaa wima na mikono juu ya magoti. Akasema kwa Kiingereza asante na Mungu awabariki. Nilijua anafikiri nini. Alifikiri kwamba hawa ni watu wenye heshima, wameona mzee mgeni amekaa, wamependa kumsalimu. Watoto wakakaa huku na huku. Alimwekea mmoja mkono begani.

Mtoto yule akamwuliza mama yake, "Huyu ni mtumwa?"

"Nadhani yeye ndiye mhubiri wao," mama yake akasema. "Ona alivyovaa."

Hayo niliyaelewa. Ningependa nisiyaelewe, kama ninavyokosa kuelewa mengi, lakini yalikuwa maneno mepesi, na lile la mtumwa nilikuwa nimetoka kulisoma kwenye kibao. Baba yule akapiga nyingine. Halafu wakageukia bustani, na wale wazee wenye kofia nao wakainua simu zao, na mama yangu, kwa kuwa ni mtu wa watu, akanyanyua fungu la matembele juu akawaambia kwa Kiswahili, "Karibuni, karibuni." Mtu mmoja akasema kwamba hata lugha wamefundishwa. Mwingine akapiga makofi kidogo.

Nikisema, nitamwambia mzee kwamba wamempiga picha kama mtumwa, na aliyeketi pale kama mfalme ndiye ninayemwomba binti. Hakuna mkwe anayemvua mzee heshima yake kwa mdomo wake mwenyewe. Nikinyamaza, wataendelea kupiga, na mimi nitabaki kuwa ukuta. Niliwaza hivyo, na picha zinazidi. Nilitazama njia ya kokoto nione kama mchumba wangu anarudi. Njia ilikuwa tupu.

Nikaenda. Niliinama kidogo, mikono nyuma, kama tulivyofundishwa kusimama mbele ya wakubwa.

"Mzee, samahani."

"Sema."

"Hawa watu wanadhani na sisi ni waigizaji. Kama yule mama wa chungu."

"Tunaigiza nini?"

Neno lenyewe lilitoka kidogo sana. Akaniuliza tena, nikalirudia. "Watumwa, mzee."

Alitazama kibanda nyuma yake, taratibu, kama mtu aliyeambiwa kuna nyoka. Alitazama benchi alilokalia. Kisha akawatazama kina mama waliokuwa wameinama katika jua, vitambaa kichwani, na watu wenye simu wamewazunguka.

"Umejua tangu saa ngapi?"

"Tangu picha ya kwanza."

"Na ulikuwa unangoja nini?"

Niliitazama tena njia ya kokoto.

Hapo ndipo yule mama wa chungu alipotuona. Alikuja haraka, ameshika gauni lisiburuze, mikono ina majivu, na alipofika kwenye tuta akashika kichwa. Akauliza nani ametupa ruhusa. Akasema bustani hii si ya kuchumwa, ameipanda mwenyewe, wiki ijayo wanakuja watoto wa shule kuiona, na sasa atawaonyesha nini, vijiti? Kina mama walisimama wima, vitenge vimejaa majani, wakanitazama. Watalii walishusha simu, lakini hawakuondoka.

Mzee hakunyanyuka. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayeagiza chumvi mezani, "Mwambie."

Nilisema nilichoweza. Niliomba radhi kwanza, kwa maneno ya ghalani, yale tunayomwambia msimamizi boksi likipasuka: samahani, kosa letu, tutarekebisha. Nikamwambia kwamba kwetu majani haya yanaliwa, na anayepita anaruhusiwa kuchuma, na kina mama walidhani wanasaidia. Nilikosea maneno, nikarudi nyuma, nikaanza tena. Kisha nikawageukia wale wenye simu, nikasema, "Hawa hawafanyi kazi hapa. Ni wageni kama ninyi. Yule ni mzee wa kanisa. Hawa ni mama zangu wawili."

Nilisema wawili kwa sababu sikujua nimwite nani yule wa pili. Mkwe alikuwa bado hajawa mkwe.

Baba mwenye watoto akawa mwekundu mpaka shingoni. Akasema samahani mara nyingi, akagusa gusa simu yake, nadhani alifuta, sijui. Mzee mmoja mwenye kofia aliitia simu mfukoni akatazama miti. Mama mmoja alicheka, kicheko cha mtu asiyejua afanye nini na uso wake. Na mama yangu akaniuliza, "Umewaambia nini? Mbona wamenuna?" Nikamwambia, "Baadaye, mama."

Yule mama wa chungu alikuwa bado anatazama tuta lake. "Yanaliwa?" akaniuliza. Nikasema ndiyo. "Hakuna aliyeniambia." Lakini hasira haikumtoka. Tuta lilikuwa limenyolewa, huo ndio ukweli.

Mama wa msichana ndiye aliyeelewa kwa macho. Alipiga magoti, akachagua kwenye kitenge chake marando marefu, yale yenye vifundo, akayaweka upande, na majani yaliyokatika akayaacha. "Mwambie haya yanashika," akaniambia. Ndiyo mara yake ya kwanza kuniambia neno moja kwa moja tangu Columbus. "Mwambie kiazi hakipandwi kwa kiazi, kinapandwa kwa rando. Tunayarudisha."

Nikamwambia. Yule mama akasita, kisha akarudi nyuma hatua moja kutupisha. Mama yangu akapiga magoti naye. Udongo ulikuwa wa mchanga, na tuta lenyewe lilikuwa limelala bapa, mama wa msichana akasema hili si tuta hili ni kitanda, wakaanza kulikwezea udongo kwa mikono. Nikavua saa nikaingia. Mzee akaja mwisho. Alitundika koti lake kwenye msumari wa kibanda na kofia juu yake, akachukua jembe la mpini mrefu lililoegemezwa ukutani, na yule mama akapiga kelele kwamba hilo ni la makumbusho. Akalirudisha. Akapiga magoti.

Nilipoinua kichwa, watu walikuwa wameongezeka. Walikuwa wametoka kwenye nyumba nyeupe wakasimama njiani kimya, na mbele yao sisi wanne, weusi, magoti chini, tunalima bustani ya watumwa mbele ya kibanda cha watumwa, jasho linatuchuruzika. Nilikuwa nimetoka kuwaambia kwamba sisi siyo. Aibu ya kwanza ilikuwa kosa la watu wengine. Hii tulikuwa tumeifuata kwa magoti yetu, na hakukuwa na namna ya kuiacha katikati, kwa sababu marando yakikaa juani yanakufa.

Mzee naye aliwaona. Aliendelea kusukuma udongo. "Sasa wapige tu," akasema. "Hii angalau ni kweli."

Mchumba wangu alirudi na chupa za maji akasimama kwenye kokoto, mdomo wazi. Akauliza kwa Kiingereza tunafanya nini. Baba yake akamjibu kwa Kirundi, lugha ya nyumbani kwao, jambo ambalo hafanyi mbele ya watu, kwamba aweke maji chini aje ashike rando.

Tulipomaliza, yule mama alilimwagilia tuta maji kwa ndoo, akalitazama. Hakutushukuru na hakutufukuza. Alichukua majani yaliyobaki, yale yasiyo na kifundo, akayatia kwenye mfuko wa karatasi akampa mama wa msichana, akaniuliza yanapikwaje. Nikamwuliza mama. Mama akaeleza, nikaeleza, na pale penye karanga nilikosa neno nikaonyesha kwa vidole.

Tukashika njia ya kurudi. Tuliondoka kesho yake asubuhi, na kutoka pwani hadi mpaka wa Kentucky mzee hakusema neno. Koti alikuwa amelikunja magotini, lina kutu ya msumari mgongoni, na alikuwa analipangusa mahali pale pale. Nyuma kina mama walikuwa wanazungumza kwa sauti ya chini, mkoba wao uko sakafuni, sanduku la barafu katikati ya miguu na matembele ndani yake. Mimi niliendesha nikijua nimeshindwa. Swali lake lilikuwa linarudi kila tulipopita daraja. Ulikuwa unangoja nini. Nilitengeneza majibu mengi mazuri, na yote yalikuwa ya mtu mwingine.

Louisville tulifika jioni jua bado lipo. Shangazi alikuwa mlangoni, akatutazama nyuso akaacha kuuliza. Kina mama waliingia jikoni moja kwa moja. Mzee alikaa sebuleni, akamsimulia shangazi mambo yote mwenyewe, benchi, picha, mhubiri, hakuruka kitu. Mimi nilikuwa koridoni nafungua kamba za viatu ambazo zilishafunguka.

"Kwa hiyo anasema?" shangazi akauliza.

"Anachelewa," mzee akasema. "Anachelewa sana. Lakini alikuja akaniambia usoni jambo ambalo watu wazima wangenificha mpaka Columbus." Akakohoa. "Wewe mshenga, usicheke. Bado sijamaliza kukasirika."

"Sicheki."

"Nakuona."

Harufu ya karanga ikaanza kutoka. Wakakaa mezani, nami nikaenda kibarazani kama kawaida yangu, nikijifanya naangalia matairi. Mlango ukafunguka. Mama wa msichana alikuwa amesimama na sahani mkononi, ugali na matembele, mvuke unapanda. Safari hii hakugeuza uso.

"Njoo ndani ule," akasema. "Yatapoa."

Aliiweka mezani mbele ya kiti kilichokuwa kitupu, akakaa mkabala. Mama yangu alikuwa anatazama mikono yake. Mchumba wangu alinipiga mguu chini ya meza. Ilinibidi nile, na kula mbele ya mtu uliyejificha kwake siku zote hizo ni kazi ngumu. Yalikuwa na mchanga kidogo. Kila mtu aliusikia kwenye meno na hakuna aliyeusema.

Tuliwashusha Columbus kesho yake. Nilibeba mabegi mpaka mlangoni, ndege ikapita juu yetu, tukangoja kelele ziishe. Mzee alikuwa amevaa koti lake tena. Wengine waliingia ndani, yeye akabaki ameshika kitasa.

"Ile picha ya kwanza," akasema bila kunitazama. "Nikiwa na wale watoto. Nilikuwa bado sijajua." Akajaribu kupangusa mgongo wa koti, mahali ambapo mkono haufiki. "Nilikaa vizuri?"

Nilimwona tena pale benchini, wima, mkono begani mwa mtoto wa watu, anawabariki. Safari hii sikungoja.

"Ulikaa vizuri, baba," nikasema.